Injini Mpya, Breki za Zamani

Pita kwenye gereji za chini ya miti, iwe Shinyanga mjini, Kahama au Geita, hutakosa kuona Land Rover 109 iliyowekwa juu ya mawe. Magurudumu hayapo, kuku wanataga chini ya usukani. Mwenye haraka atasema hicho ni chuma chakavu cha kuuza kwa kilo. La hasha! Huo ni ukurasa wa historia yetu.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilitolewa kwa mgawo, hivyo bodi ikaundwa kwa aluminiamu. Shida ikazaa neema, kwani aluminiamu hailiwi na kutu kama chuma. Namba 109 iliyokuja baadaye ni inchi tu, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Hapa kwetu likawa gari la bwana shamba, la polisi, la padri na la watafuta madini. Hii ni nchi ya machimbo: almasi ya Mwadui iligunduliwa na John Williamson mwaka 1940, na mgodi wa zamani wa dhahabu wa Geita ulichimbwa hadi ulipofungwa mwaka 1966. Mgodi mpya ulipofunguliwa mwaka 2000, magari ya Japani yalikwisha kushika njia, na 109 ikasukumwa uani.

Leo wako wanaoyafufua magari haya, nasi tunawapongeza. Lakini hebu tuulizane, tunafufua au tunapaka rangi tu? Fundi anang'oa injini ya petroli ya lita 2.25, yenye nguvu za farasi 70 hivi na kiu isiyokwisha, anapachika dizeli ya Kijapani yenye nguvu zaidi. Gari linanguruma, mwenyewe anatabasamu, abiria na magunia yanapakiwa. Nani ameuliza habari za breki?

Magari hayo yalitoka kiwandani na breki za dramu magurudumu yote manne. Zilitosha kwa mwendo wa njia za vumbi. Lakini juu ya lami, gari limejaa, mteremko mrefu, dramu zikipata moto breki hulegea. Waundaji wenyewe walilitambua hilo: mwaka 1983 walipoleta One Ten, waliweka breki za disku mbele.

Kisha kuna chasisi. Bodi ni aluminiamu, lakini chasisi ni chuma. Gari linaweza kung'aa juu, kumbe mifupa imeoza chini. Rangi haitibu kutu.

Kwa hiyo kufufua kuna utaratibu wake: kwanza chasisi, pili breki na usukani, tatu injini, na rangi iwe ya mwisho. Wengi wetu tunaanzia mwisho.

Oktoba 2024 Land Rover kwa mamia zilikusanyika Arusha, na watu wakazishangilia. Ni vema. Ila heshima ya gari la zamani ni kumfikisha abiria salama, si kupigiwa makofi. Ndugu yangu mwenye 109, kabla ya kusifia mngurumo wa injini, kanyaga kwanza breki.