Tarakilishi yaingia kwenye mbio za baiskeli za uwanjani

MKAZI wa Iguhu, Kaunti ya Kakamega, anayeendesha baiskeli kuelekea mjini hupambana na mlima na hewa. Katika uwanja wa mviringo wa mashindano, wenye urefu wa mita 250, mlima haupo. Hubaki hewa, nayo humeza takriban sehemu tisa kati ya kumi za nguvu za mwanamichezo. Kasi ikiongezwa maradufu, nguvu ya kuipasua hewa huhitajika mara nane.

Hesabu hizo zilirahisishwa baada ya Mjerumani Ulrich Schoberer kubuni, mwaka wa 1986, kipima nguvu kinachofungwa kwenye baiskeli. Wati zinazosomwa zikiunganishwa na kasi, joto na kanieneo ya hewa, tarakilishi hukadiria jinsi mwili wa mpandaji unavyokinzana na upepo. Ujifunzaji wa mashine huenda mbali zaidi: programu hupewa kumbukumbu za maelfu ya mizunguko, ikatafuta yenyewe uhusiano uliomo, kisha ikabashiri ni lini mpandaji atachoka.

Manufaa yake huonekana hasa katika mbio za kufukuzana kwa timu. Wapandaji wanne hukimbia kilomita 4, yaani mizunguko 16, na muda huhesabiwa gurudumu la mpandaji wa tatu linapovuka mstari. Nani aongoze, na kwa mizunguko mingapi? Michanganyiko ni mingi kupita uwezo wa kocha mwenye kalamu. Mwaka wa 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Adelaide, Australia, walitumia programu inayoiga mageuzi ya viumbe kutafuta mpangilio bora.

Wakenya wanaikumbuka hesabu ya jamii hiyo. Mjini Vienna, Oktoba 12, 2019, Eliud Kipchoge alimaliza mbio za masafa ya marathoni kwa saa 1:59:40, akikingwa na wakimbiaji waliopangwa kwa kuzingatia mkondo wa hewa.

Hata hivyo, hesabu haimpi mtu miguu. Mhandisi Mwingereza Dan Bigham aliweka rekodi ya saa moja ya kilomita 55.548 mjini Grenchen, Uswisi, mnamo Agosti 19, 2022. Oktoba 8 mwaka huo huo, Filippo Ganna wa Italia, aliyefaidi utaalamu wa Bigham, alifikisha kilomita 56.792 katika uwanja uo huo.

Mwinuko nao una lake. Eddy Merckx aliifuata hewa nyepesi ya Mexico City mwaka wa 1972, akapata kilomita 49.431. Iguhu iko kati ya mita 1,430 na 1,580 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya saba. Upepo hupungua ukali, lakini oksijeni nayo hupungua. Programu iliyofunzwa kwa kumbukumbu za Wazungu wa nyanda za chini yaweza basi kumkosea hesabu kijana aliyelelewa Kakamega, ikamwona dhaifu ilhali si dhaifu.

Watafiti wa malaria wamekusanya takwimu za mbu na mvua Iguhu kwa miaka mingi. Kwa mpandaji kizingiti ni bei: kipima nguvu kimoja hugharimu zaidi ya baiskeli nzima aina ya black mamba.