Ushiriki wa Wapangaji katika Mipango Miji ya Dar es Salaam: Kisa cha Ushirika wa Nyumba wa Muungano, Chamazi

Historia ya ushiriki wa wananchi jijini Dar es Salaam imezoeleka kuelezwa kupitia vyama vya siasa, chaguzi na halmashauri. Mkabala huo una manufaa, lakini humwacha pembeni mkazi asiyemiliki ardhi wala nyumba. Makala hii inachunguza kisa cha wapangaji wa Kurasini waliohamia Chamazi, wilayani Temeke. Hoja yake ni kwamba sauti ya wapangaji hao katika upangaji wa mji ilisikika pale walipokuwa wanunuzi wa ardhi, na kwamba gharama ya sauti hiyo waliibeba wenyewe.

Baada ya uhuru, mkazi wa mjini alikutana na dola kupitia ngazi za chama. Mfumo wa mabalozi wa nyumba kumi kumi, ulioanzishwa na TANU katikati ya miaka ya 1960, ulimfikia mwenye nyumba na mpangaji vilevile, ingawa uliteremsha maelekezo zaidi kuliko ulivyopandisha madai. Halmashauri zilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ziliporejeshwa, Sheria Na. 8 ya mwaka 1982 ikazipa mamlaka za miji msingi mpya. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 1994 ulifanyika chini ya vyama vingi, na mwaka 2000 jiji likagawanywa katika manispaa za Kinondoni, Ilala na Temeke. Kwa upande wa makazi, miradi ya viwanja iliyofadhiliwa na Benki ya Dunia tangu miaka ya 1970, ikiwamo ya Sinza na Kijitonyama, ilipangwa na kupimwa na serikali. Mwananchi alipokea kiwanja ambacho mahali pake na ukubwa wake vilikwisha kuamuliwa.

Upungufu wa utaratibu huo ulidhihirika katika miaka ya 2000, upanuzi wa bandari ulipozilazimu kaya nyingi za Kurasini kuhama. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 zinaifungamanisha fidia na maslahi katika ardhi. Katika utekelezaji, waliofidiwa ni wenye nyumba. Mpangaji, hata aliyeishi hapo miaka mingi, aliweza kuwamo katika daftari la wapiga kura bila kuwamo katika daftari la tathmini.

Jibu lilitoka katika vikundi vya kuweka akiba vya shirikisho la wakazi maskini wa mijini, lililosaidiwa na asasi ya Centre for Community Initiatives. Wanachama, wengi wao wanawake, walichanga akiba, wakanunua ekari 30 huko Chamazi kwa takriban shilingi milioni 24, na kuunda Ushirika wa Nyumba wa Muungano. Umiliki huo uliwapa msimamo wa kujadiliana na mamlaka kuhusu viwanja vidogo kuliko kiwango cha chini cha mita za mraba 400. Hoja yao ilikuwa ya kihesabu: kadiri kiwanja kilivyokuwa kikubwa, ndivyo kaya zilivyopungua na mzigo wa kila kaya ulivyoongezeka. Wanachama walifyatua matofali wenyewe, na maji yakapatikana kwa kuchimba kisima.

Mafanikio hayo yalikuwa na mipaka. Kurasini ipo jirani na bandari, ambako vibarua, mama lishe na wachuuzi walipata riziki kwa kutembea kwa miguu. Chamazi ipo umbali wa takriban kilomita 20 kutoka katikati ya jiji, na nauli ya kila siku ilishindana na marejesho ya mkopo wa nyumba. Ujenzi ulikwenda polepole kuliko ilivyotarajiwa. Ushirika uliweza kujadili ukubwa wa kiwanja. Mahali pa kiwanja paliamuliwa na bei ya ardhi.

Kisa hiki kinadai marekebisho katika namna ushiriki unavyopimwa. Idadi ya mikutano ya mtaa au ya wapiga kura haioneshi ni nani aliyelazimika kununua kwanza ndipo asikilizwe. Maadamu utwaaji wa ardhi unaendelea kumtambua mmiliki na kumsahau mpangaji, ushirika wa aina ya Muungano utabaki kuwa njia ya wale wanaomudu kuweka akiba, na utafiti kuhusu pembezo za jiji hauna budi kuwafuatilia pia wapangaji waliohamishwa bila kufika Chamazi.