Hesabu za Jicho: Asili ya Maandishi Juu ya Kasha la Lenzi

Mtu anunuaye leo lenzi za kuvaa jichoni, awe Nairobi au awe Prague, hukabidhiwa kasha dogo la karatasi ambalo ubavuni mwake pamepigwa chapa herufi na tarakimu, BC 8.6, DIA 14.2, PWR −3.25, pamoja na nambari ya fungu na tarehe ya mwisho wa matumizi. Na aghalabu mtu huyo hutazama ile tarakimu ya nguvu peke yake, nyingine akaziacha kana kwamba ni siri za kiwandani zisizomhusu. Naona huko ni kuwadhulumu waliozitafuta, kwani kila moja ilizaliwa kwa wakati wake na kwa taabu yake, na zote kwa jumla zimeshika mahali pa fundi aliyekuwa akilijua jicho la mteja wake kwa kulitazama.

Zama za mwanzo hapakuwa na kasha wala maandishi. Mnamo mwaka 1888 Adolf Eugen Fick, tabibu wa macho Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Zürich, alitangaza habari za vikombe vya kioo alivyovijaribu kwanza kwa sungura, kisha katika macho yake mwenyewe, kisha kwa wagonjwa. Na mwaka huo huo Eugène Kalt, huko Paris, akawavisha vya kwake wagonjwa ambao konea zao, yaani ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, zilikuwa zimechongoka. Vikombe hivyo vilikuwa vizito, vilifunika hata weupe wa jicho, na havikuvumilika muda mrefu. Hata hivyo kila kimoja kilifanyizwa kwa ajili ya jicho moja maalumu, na aliyekifanya alijua kinakwenda kwa nani, hivyo hapakuwa na haja ya kuandika lolote juu yake. Kipimo cha nguvu tu ndicho kilichokuwapo tayari, kwa sababu Mfaransa Ferdinand Monoyer alikuwa amependekeza dayopta tangu mwaka 1872: lenzi ya dayopta moja hukusanya mwanga kwa umbali wa mita moja, na ya dayopta mbili kwa nusu mita.

Haja ya tarakimu nyingine ilikuja baada ya mwaka 1948, pale Kevin Tuohy wa California alipotoa lenzi ya plastiki iliyofunika konea peke yake. Kitu kidogo namna hiyo, kielea juu ya utando wa machozi, hakina budi kulingana na mviringo wa mahali kinapokaa. Ndipo BC, yaani nusu kipenyo cha mviringo wa upande wa ndani kwa milimita, na DIA, upana wa lenzi nzima, vikawa na uzito sawa na nguvu yenyewe. Kadiri BC inavyokuwa kubwa ndivyo lenzi inavyokuwa bapa: iliyo bapa mno huteleza kila jicho linapopepesa, na iliyobonyea mno hubana na kuyazuia machozi yasipite chini yake. Na kwa kuwa miwani hukaa mbali kidogo na jicho, takriban milimita 12, cheti cha miwani hakiwezi kutumika kununulia lenzi: mwenye miwani ya −6.00 huhitaji lenzi ya −5.50 au karibu yake. Wengi hushangaa kuambiwa hivyo, wakadhani daktari amekosea.

Lakini mtu ambaye kwa hakika aliigeuza kazi hii ni Otto Wichterle, mkemia wa Kicheki. Yeye na mwenzake Drahoslav Lím walikuwa wamegundua plastiki inywayo maji, yenye maji kiasi cha asilimia 38 ilipojaa, laini hata jicho likaistahimili. Ila njia ya kuitengeneza lenzi bila ya kingo zake kuraruka haikupatikana, na wizara ikaacha kuigharimia kazi hiyo. Basi katika siku za Krismasi ya mwaka 1961, nyumbani kwake Prague, juu ya meza ya jikoni, aliunda mtambo kwa vyuma vya kuchezea watoto viitwavyo Merkur, akauendesha kwa dainamo ya baiskeli. Alidondosha majimaji ya plastiki ndani ya kikombe cha kioo kinachozunguka, yakabonyea katikati kama uji unaovurugwa kwa mwiko, yakaganda katika umbo lile lile. Kikombe kiliipa lenzi sura ya nje, na kasi ya mzunguko ikaipa ya ndani. Kasi ikizidi, lenzi ilizidi kuwafaa wasioona mbali. Lenzi nne za kwanza zikatoka humo, na mkewe Linda, aliyekuwa daktari, alimsaidia kutengeneza maelfu zilizofuata. Kuanzia hapo nguvu ya lenzi ilitokana na mwendo wa mashine, na lenzi elfu zilizofanana kabisa ziliweza kufanywa kwa macho ya watu wasiojulikana bado.

Haki za uvumbuzi ziliuzwa Marekani, zikafika mikononi mwa Bausch & Lomb, na mwaka 1971 serikali ya huko ikairuhusu lenzi laini. Iliuzwa katika kichupa cha kioo chenye maji ya chumvi, nayo ilisafishwa na kurudiwa miezi mingi. Mwaka 1987 Johnson & Johnson, kwa kufuata njia iliyobuniwa Denmark, walianza kuuza lenzi za kutupwa, na kichupa kikaacha nafasi kwa kikombe cha plastiki kilichozibwa kwa foili na kupikwa kwa mvuke hadi vijidudu vife. Alama ya kioo cha saa ya mchanga huonyesha siku ambayo usafi huo haudhaminiwi tena, tarakimu 2 iliyokatwa mstari hukataza kurudia, na kwa nambari ya fungu kiwanda huweza kuyarudisha makasha yenye kasoro kutoka madukani kote.

Hata hivyo 8.6 ya mtengenezaji mmoja haikai jichoni sawasawa na 8.6 ya mwingine, maana plastiki na unene wake vyaweza kuhitilafiana. Kwa sababu hiyo sheria ya Marekani ya mwaka 2003, iliyowalazimisha matabibu kumpa mgonjwa cheti chake bila malipo ya ziada ili anunue atakako, ilitaka cheti hicho kitaje malighafi ya lenzi au mtengenezaji wake pamoja na vipimo, na kiwe na tarehe ya kukoma kwake, kwa kawaida isiyopungua mwaka mmoja.