Mzunguko wa Msitu: Istilahi na Hesabu Iliyo Ndani Yake

Katika mipango ya usimamizi wa misitu ya umma, neno "mzunguko" huandikwa bila maelezo, kana kwamba kila msomaji analijua. Mkulima wa Kisii au Nyamira akilisoma, hufikiria mahindi msimu huu na maharagwe msimu ujao, kwa kuwa maafisa wa kilimo wamelitumia hivyo kwa miaka mingi. Hizo ni maana mbili mbali. Mzunguko wa mazao hubadilisha mmea katika ardhi ileile. Mzunguko wa msitu waweza kurudisha mti uleule daima, maana kinachopangwa ni muda.

Fasili yake ni hii: mzunguko ni idadi ya miaka iliyopangwa kati ya kuanzishwa kwa miti katika eneo na uvunaji wake wa mwisho, ambapo eneo hilo huanza upya. Kupogoa matawi na kuondoa miti dhaifu katikati ya muda huo hakuukatizi mzunguko.

Neno zito katika fasili hiyo ni "iliyopangwa". Umri ni wa mti, lakini mzunguko ni uamuzi wa mwenye msitu, na hutegemea anachokitaka. Mkaratusi wa kuni za viwanda vya chai, kama vile Kebirigo na Nyansiongo, waweza kukatwa baada ya miaka 6 hadi 8. Ukikusudiwa nguzo za umeme, huachwa zaidi ya hapo. Msaipresi wa mbao katika mashamba ya miti ya serikali hupangiwa takriban miaka 30.

Kutokana na uamuzi huo huzaliwa hesabu ya uvunaji: eneo hugawanywa kwa mzunguko. Shamba la miti lenye hekta 300 na mzunguko wa miaka 30 huruhusu kukata hekta 10 kwa mwaka, mradi kila mwaka hekta 10 zioteshwe. Mchuma chai wa Nyamira anaijua kanuni hii kwa mikono yake. Shamba huchumwa kipande baada ya kipande, na akimaliza cha mwisho, majani ya kile cha kwanza yamekwisha kuwa tayari. Ulaya nako, uhaba wa kuni za kuyeyushia madini ndio uliomfanya Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi huko Saxony, achapishe mwaka 1713 kitabu kilichohimiza watu wasikate zaidi kuliko msitu unavyoweza kurudisha.

Mzunguko huvunjika kwa njia mbili. Ya kwanza inajulikana: kukata kabla ya wakati, au kukata na kuacha visiki vitupu. Ya pili husahaulika, nayo ni kutokata wakati ulipofika. Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha uvunaji katika misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90, baada ya malalamiko ya uharibifu na kukauka kwa mito. Marufuku hayo yaliongezwa tena na tena, hadi Rais William Ruto alipotangaza kuyaondoa Julai 2023. Katika muda huo miti ya kupandwa iliendelea kupita umri wake. Uharibifu uliolalamikiwa haukuwa wa kubuni, lakini hesabu ya mgawanyo haina nafasi ya miaka mitano ya kusubiri: hekta zisizokatwa hulimbikizana, na hekta changa ambazo zingefuata hazipo.

Neno hili lina mipaka yake pia. Msitu wa asili hauna mzunguko, kwa sababu haukuanzishwa siku moja wala haukatwi wote siku moja. Pale panaporuhusiwa kuchagua mti mmoja mmoja, kinachopangwa ni marudio, yaani miaka inayopita kabla ya wavunaji kurudi mahali palepale. Na panapokusudiwa kulinda maji na udongo, hapafai kupangiwa mzunguko wala marudio. Jambo hili ni zito Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira. Kaunti ya Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kilomita mraba kwa sensa ya 2019. Miti mingi imo katika mashamba ya watu, na misitu iliyobaki ni vipande vidogo kama Nyangweta na miteremko ya vilima kama Sameta, Manga na Kiabonyoru. Kuukata mteremko wote kwa mkupuo ni kuuacha udongo wake kwa mvua.

Wapo wanaopendelea "umri wa kuvuna" kwa sababu ni rahisi kueleweka. Hata hivyo, istilahi hiyo inaishia kwenye shoka na haidai mche. "Muhula wa uvunaji" nao una mwanzo na mwisho tu. "Mzunguko" unashinda kwa kuwa unadai kurudi, ila ukiwa peke yake unachanganywa na ule wa mazao. Napendekeza uandikwe kwa ukamilifu: mzunguko wa kuvuna na kuotesha. Nimechagua "kuotesha" badala ya "kupanda" kwa sababu kisiki cha mkaratusi huchipua chenyewe, na mkulima hubakiza machipukizi machache yenye nguvu, ilhali msaipresi ukikatwa haurudi bila mche mpya.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inataka misitu ya umma iendeshwe kwa mpango wa usimamizi, na inavipa vyama vya misitu vya jamii nafasi ya kushiriki. Mwanachama anayeijua istilahi hii ataufungua mpango akiwa na maswali matatu: sehemu hii ina mzunguko au haina, ni wa miaka mingapi na kwa matumizi gani, na gharama ya kuotesha imeandikwa wapi kwa kila hekta itakayovunwa. Mpango usiojibu la tatu umepanga kukata tu.