Maziwa ya Chernobyl

Mionzi haionekani, haina harufu wala ladha. Mwenye nyumba hawezi kujua kama imeingia mlangoni. Hana budi kutegemea neno la yule mwenye kipimo. Ndiyo maana mkasa wa Chernobyl, katika Ukraine iliyokuwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti, haukuwa wa mtambo peke yake.

Kinu namba 4 kililipuka usiku wa kuamkia tarehe 26 Aprili 1986, wakati wa majaribio. Kilomita tatu hivi kutoka hapo palikuwa na mji wa Pripyat, wenye watu wapatao 49,000. Kulipokucha, siku ya Jumamosi, watoto walikwenda shule. Mimi niliyetumia maisha kuwafunza walimu huwafikiria sana walimu wale, wameshika chaki mbele ya ubao, wala hakuna aliyewaeleza jambo la kueleweka. Mabasi yalikuja kuwahamisha watu kesho yake alasiri. Waliambiwa wachukue vitu vya siku tatu tu. Hawakurudi kuishi pale tena.

Dunia nayo ilipata fununu kutoka Uswidi, zaidi ya kilomita 1,000 mbali, pale vipimo vya kituo cha Forsmark vilipokuta mionzi kwenye viatu vya mfanyakazi wao. Jioni hiyo, tarehe 28, Moscow ikatoa tangazo fupi. Mei Mosi gwaride likafanyika Kiev kama kawaida. Gorbachev alizungumza na wananchi kwenye televisheni tarehe 14 Mei.

Siku hizo zote ng'ombe walikuwa wakila majani yaliyoangukiwa na iodini yenye mionzi, na watoto wakinywa maziwa. Kufikia mwaka 2005, zaidi ya watu 6,000 waliokuwa watoto au vijana wakati ule walikuwa wamepata saratani ya tezi ya shingo, sehemu kubwa kwa sababu ya maziwa hayo. Kumwambia mama asimpe mwanawe maziwa kwa majuma machache, jamani, kunahitaji mtambo gani?

Mwaka huohuo wa 2005 wataalamu wa mashirika ya kimataifa walitoa ripoti wakisema kuwa madhara makubwa kuliko yote kwa afya ya umma yalikuwa ya akili na nafsi, na kwamba imani potofu kuhusu mionzi bado zilikuwa zimeenea kwa wakazi. Potofu, pengine. Lakini hao ndio walioambiwa wachukue vitu vya siku tatu.