Silinda Kumi na Sita, Silinda Kumi na Mbili

Mwaka 1899, mjini Warren katika jimbo la Ohio, James Ward Packard aliunda gari lake la kwanza. Husimuliwa kwamba alikuwa amenunua gari la Alexander Winton, likamsumbua, na alipokwenda kulalamika akaambiwa aunde lake kama anaweza. Mwaka 1902, kule Detroit, Henry Leland, fundi aliyepikwa katika viwanda vya silaha, aliwashawishi matajiri walioachana na Henry Ford wasifunge kiwanda chao. Ndipo ikazaliwa Cadillac. Mwaka uliofuata Packard nayo ikahamia Detroit, na mahasimu wakawa majirani.

Mwaka 1909 Cadillac ilinunuliwa na General Motors, ilhali Packard ilibaki kujitegemea. Tofauti hiyo, iliyoonekana ya vitabu vya hesabu tu, ndiyo ingekuja kuamua nani afe. Cadillac ilileta stata ya umeme mwaka 1912 na injini ya silinda 8 mwaka 1914. Packard ikajibu mwaka 1915 kwa silinda 12. Rais Harding wa Marekani alipokwenda kuapishwa mwaka 1921 alipanda Packard.

Soko la hisa la New York liliporomoka Oktoba 1929. Januari 1930, bei za hisa zikiwa bado chini, Cadillac ilifunua V-16: lita 7.4, nguvu farasi 165. Fungua boneti uone. Nyaya zimefichwa, vifuniko vya valvu vimesuguliwa vikang'aa, na chuma kingine kimepakwa rangi nyeusi nzito kama ya kinanda. Waliiunda ili itazamwe. Katika miaka 11 yalitoka magari elfu 4 na ushei, mengi yao katika miaka ya mwanzo. Baada ya hapo wanunuzi walikauka.

Packard Twelve, iliyodumu kuanzia 1933 hadi 1939, ilianza kwa unyenyekevu zaidi. Injini yake ilibuniwa kwa gari la majaribio la kuvutwa na magurudumu ya mbele. Jaribio likaachwa, injini ikawekwa kwenye fremu kubwa. Umbo la rejeta, lenye mabega kama nira ya ng'ombe, lilitunzwa tangu 1904, na katikati ya vikombe vya magurudumu palikaa alama nyekundu ya pembe sita. Kwangu mimi, hili ndilo la kuendeshwa. Lile la Cadillac ni la kufunguliwa boneti.

Mwaka 1935 Packard ilitoa One Twenty, gari la bei nafuu. Liliiokoa kampuni, likalichosha jina. Iliungana na kampuni ya magari ya Studebaker mwaka 1954, na Packard ya mwisho ikatoka 1958. Cadillac, iliyobebwa na mama tajiri, ipo hadi leo.

Klabu ya magari ya kale ya Marekani ilipoanzishwa mwaka 1952, V-16 na Twelve yote mawili yaliingia katika daraja la juu. Lakini mnadani bodi ndiyo hupanga bei: la wazi lililoundwa na watengenezaji wa bodi Dietrich au Fleetwood huliacha mbali la milango minne lenye injini ileile. Ndiyo maana wapo waliong'oa bodi za kawaida wakabandika za wazi. Mnunuzi mjuzi hulinganisha namba za fremu, injini na bodi, kisha hufungua mlango na kuunyanyua taratibu. Ukishuka kwenye bawaba, ujue mbao za ndani zimeoza.