Wale Kumi wa Shituru: Foto, Ndoto na Historia Yetu

Leo naandika juu ya foto, lakini njia inaenda mpaka kwenye historia ya nyumba zetu.

Nkambo wangu alikufa katika nyumba yake ya Kikula, mwaka ule nilipokuwa namaliza masomo ya historia. Ndani ya sanduku lake tulikuta foto moja ya zamani: wanaume kumi na mmoja mbele ya kiwanda cha Shituru, wamesimama msitari, hakuna anayecheka. Tulimjua mmoja tu, bwana yake. Wale kumi ni akina nani? Nyumba nzima ilinyamaza. Mimi nilikuwa nimeandika kurasa nyingi juu ya Union Minière, nikihangaika na vitabu, na muda wote huo mutu aliyejua majina alikuwa ananipikia bukari. Sikumuuliza hata siku moja.

Ndiyo sababu kazi za Sammy Baloji zinanisumbua. Baloji ni mutoto wa Lubumbashi, alizaliwa mwaka 1978, akasoma pale Unilu. Kati ya 2004 na 2006 alitengeneza mfululizo unaoitwa Mémoire. Alienda kupiga foto, kwa rangi, mitambo ya Gécamines iliyokufa: mabati yenye kutu, udongo mwekundu, majengo ambayo hakuna mutu tena. Kisha akachukua foto za wakati wa ukoloni, nyeusi na nyeupe, akakata watu waliomo, akawasimamisha katikati ya yale magofu. Wafanyakazi weusi wanakutazama. Mabwana wazungu nao wako pale, na nguo zao safi. Mwaka 2006 kukawa na video pia, ambamo anacheza Faustin Linyekula.

Mutu akiziona mara ya kwanza atasema: hii ni ndoto. Wafu wamerudi kazini, na kazi yenyewe haiko. Mimi nasema hapana, hii njo historia. Tuhesabu pamoja.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Mji wetu ukapewa jina la mkubwa wa makampuni ya Kibeljiji, Jean Jadot, ukaitwa Jadotville mpaka 1966. Kampuni ilitoa nyumba za kambi, posho, hospitali, shule. Wazee walisema: "Union Minière njo baba, njo mama." Serikali ilipoichukua mwaka 1967, ikaja kuwa Gécamines, na baba akaendelea kulisha. Mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Miaka kumi haikupita, ikawa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa "kuondoka kwa hiari." Kila mmoja wetu ana papa au nonko aliyekuwamo, na anajua hiari hiyo ilikuwa ya namna gani. Profesa Dibwe dia Mwembu aliandika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya hao bana Shaba walioachwa na baba yao.

Kwa hiyo, Baloji anapomweka mufanyakazi wa zamani mbele ya kiwanda kilichoanguka, hatungi uongo. Anaweka pamoja vitu viwili ambavyo foto ya kawaida haiwezi kuweka pamoja: yule aliyejenga, na kile kilichobaki. Foto za kampuni zilipigwa ili kuonyesha kazi na mali. Mashine ilikuwa na jina na namba yake. Mutu aliyesimama kando yake, mara nyingi, hakuwa na jina.

Na tusifikiri maajabu ameyaleta msanii. Katika kazi nyingine, ya mwaka 2013, Baloji aliweka foto za Lubumbashi zilizopigwa toka juu pamoja na foto za nzi. Nzi wanatoka wapi? Kuna foto ya mwaka 1929: wakati ule, katika vita dhidi ya magonjwa, mufanyakazi alitakiwa kuleta nzi 50 kwa siku ili apewe posho yake. Nzi hamsini, kisha unga! Mwenye kutafuta mambo ya ajabu asiende mbali. Ukoloni ulikuwa umeyaandika katika kanuni zake.

Likasi yenyewe haikusahauliwa. Mwaka 2005 Baloji alifanya kazi iliyoitwa Vues de Likasi, juu ya majengo ya mji wetu. Mwaka 2007 alipata zawadi kule Bamako, mwaka 2008 akaanzisha Picha pamoja na wenzake pale Lubumbashi, na mwaka 2015 kazi zake zilionyeshwa Venice. Wageni wa Venice wamezitazama. Tunaweza kujivuna.

Lakini kujivuna hakutoshi. Msanii amemrudisha mufanyakazi kiwandani. Jina lake hawezi kumrudishia. Hiyo kazi ni yetu sisi tuliosoma, na inafanyika Kikula, Panda, Shituru, mu salo za wazazi, si mbele ya kompyuta. Majina tusiyatafute kwenye hifadhi za kampuni peke yake. Yamo mu vichwa vya wamama wa miaka themanini, na kila kilio kinabeba mengine.

Foto ya nkambo iko kwangu. Nyuma yake nimeandika jina moja kwa kalamu ya risasi, na nimeacha misitari kumi mitupu. Likizo hii mukifika nyumbani, muombe album, mukae chini, muulize: huyu ni nani? Na huyu? Muandike nyuma ya foto siku ileile, musingoje kesho. Na kama mu nyumba yenu kuna mzee aliyefanya kazi Shituru, tafadhali muniambie. Nitakuja na foto mukononi.